Shoka na Mpini Wake: Kiwanda Kinapofungwa, Nani Ana Deni?



Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mwenye kuruzuku viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake.

Juma lililopita, baada ya swala ya Alasiri, alitujia mama mmoja wa mtaani kwetu akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Kwa miaka 9 alikuwa mshonaji katika kiwanda kimoja cha nguo. Asubuhi moja yeye na wenzake wengi waliambiwa kwamba oda kutoka ng'ambo zimepungua na kazi yao imekwisha. Kila mmoja akapewa karatasi ya kutia sahihi, inayosema kwamba amepokea haki zake zote na hana dai lolote juu ya kampuni. Yeye alikuwa bado hajaitia sahihi.

"Maalim," alituambia, "nisomee hii kwanza. Nikitia sahihi leo, kesho napata mshahara wa mwezi huu. Nisipotia, wamesema nitangoja. Na mwenye nyumba ameshabisha hodi mara mbili."

Tulipokuwa tukiisoma akauliza swali la pili, kwa sauti ya chini zaidi: "Na huu mkopo wa serikali wa kwenye simu, yafaa niuchukue nianzie biashara ya mahamri?"

Tulikuwa tumeandaa mada nyingine kwa juma hili. Tumeiweka kando, kwa kuwa maswali ya mama huyu ni ya nyumba nyingi za pwani yetu hivi leo. Na yanaelekea kwetu sote, serikali ikiwa ya mwanzo: kiwanda kinapopunguza watu, nani ana deni kwao, na deni hilo hulipwa vipi?

Katika Sunan ya Abu Dawud imepokewa habari kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) ambayo wengi wetu tuliisikia madrasani. Mtu mmoja katika Ansari alimwendea Mtume (s.a.w.) kuomba. Mtume akamwuliza kama hana kitu chochote nyumbani kwake. Akasema anayo nguo nzito, sehemu wanajifunika na sehemu wanaitandika, na bakuli wanalonywea maji. Mtume akaviagizia, akavishika kwa mkono wake mtukufu, akavinadi mbele ya watu. Wa kwanza alitoa dirhamu moja. Mtume hakuridhika nayo, akanadi tena, hata akapatikana wa kutoa dirhamu mbili. Akampa yule Ansari fedha zake na kumwelekeza: dirhamu moja anunulie watu wa nyumbani chakula, na ya pili anunue shoka amletee. Shoka lilipoletwa, Mtume (s.a.w.) akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, kisha akamtuma akakate kuni na kuuza, asionekane hapo kwa siku kumi na tano. Siku zilipotimia alirudi akiwa amepata dirhamu kumi.

Huwa tunaitaja habari hii kuwakemea waombaji. Twaomba leo tuisome upande wa pili, upande wa kiongozi. Yule Ansari alifanya kazi, naam, lakini kabla hajafanya, kiongozi alikuwa ameshafanya mambo matano: alihakikisha mali ya mtu imepata thamani yake, akatanguliza chakula cha familia, akasimamia kupatikana kwa chombo cha kazi, akakitia mpini kwa mkono wake, na akaweka siku ya kuhesabiana. Tuyatazame moja baada ya jingine.

Haki kabla ya msaada

Kabla ya kutafutiwa cha kupewa, yule Ansari aliulizwa ana nini. Na mfanyakazi aliyepunguzwa kazi ana kitu, hata kama mwenyewe hajui.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 40, imelieleza jambo hili waziwazi. Mwajiri anayetaka kupunguza wafanyakazi ni lazima atoe ilani isiyopungua mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa leba, aeleze sababu na kiasi cha watakaopunguzwa. Asiye mwanachama wa chama huarifiwa yeye binafsi kwa maandishi. Kuchagua nani abaki na nani aondoke hakufuati urafiki wala ukabila. Hutazamwa muda wa kazi, ujuzi, uwezo na uaminifu. Anayeondoka hulipwa fedha za siku za likizo ambazo hajazichukua, na hupewa notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi badala yake. Juu ya hayo yote hulipwa mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotimiza kazini.

Tulichukua kalamu tukahesabu pamoja na mama yetu. Miaka 9 kwa siku 15 ni siku 135 za mshahara. Ongeza mwezi wa notisi, ongeza likizo. Karatasi ile ilikuwa inamtaka akiri kuwa amepokea yote hayo, ilhali alichoahidiwa ni mshahara wa mwezi mmoja tu.

Tulimwambia: "Mwanangu, kukiri kwamba umepokea usichopokea ni ushahidi wa uongo, hata kama anayedhulumika ni wewe mwenyewe. Mshahara wa siku ulizokwisha kufanya kazi ni wako tayari, si wa kununuliwa kwa sahihi. Ukipokea chochote, andika kwa mkono wako ni kiasi gani na ni cha nini. Kisha uende ofisi ya leba, wewe na wenzako, na nakala za hati za mishahara." Tukamkumbusha pia adai cheti cha utumishi, kwani sheria inampa, na kwamba dai la mkataba wa kazi lina muda wa miaka 3 kulifikisha mahakamani. Mombasa ipo Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Haimlazimu mtu kwenda Nairobi.

Na mwajiri Mwislamu anayesoma ukurasa huu asidhani tunasema na wengine. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na katika hadithi ambayo Bukhari ameipokea, miongoni mwa watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyeajiri mtu, akapata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Mwenye hasimu huyo ana wakili gani wa kumtetea?

Wajibu wa serikali hapa hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji maafisa wa leba wa kutosha, wanaofika kiwandani siku ile ilani inapotolewa, wala si baada ya milango kufungwa na mwenye mali kuondoka.

Dirhamu ya chakula

Mtume (s.a.w.) hakusema zote mbili zinunue shoka. Mwenye njaa hakati kuni. Nchi yetu haina mfuko wa kumlipa mtu kwa miezi michache baada ya kupoteza kazi. Fedha za Inua Jamii ni za wazee, mayatima na wenye ulemavu mkubwa; mshonaji wa miaka 35 hayumo. Dirhamu ya kwanza, basi, kwa sasa imeachiwa jamaa na majirani.

Enyi mama na dada zetu, yako mawili ya kuyafanya mapema. La kwanza ni matibabu. Mtu akiwa kazini, asilimia 2.75 ya mshahara wake hukatwa kwa ajili ya bima ya afya ya jamii. Kazi ikiisha, makato nayo hukatika, na familia hubaki wazi bila kujua. Asiye na mshahara hutakiwa kujilipia kwa mujibu wa kipato chake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, zinazolipwa kwa mwaka. Katika fedha za kwanza zitakazopatikana, hizo zitengwe. Mgonjwa hangoji oda zirudi.

La pili ni zaka. Wengi wetu hungoja Ramadhani, na huwapa wale wale tuliozoea kuwapa. Aliyekuwa na kazi jana huona haya kunyoosha mkono leo, na haya hiyo humficha machoni petu. Yumkini ameshaingia katika mafungu ya wanaostahiki, kwa ufukara au kwa madeni. Kamati za misikiti zifanye orodha ya nyumba zilizopoteza mshahara, kwa siri na kwa heshima, na kodi ya nyumba ya miezi miwili ilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba.

Shoka bila riba, na kuni zenye mnunuzi

Sasa tulijibu swali la pili. Mkopo wa simu alioutaja mama yetu ni ule wa Hustler Fund, ulioanzishwa Novemba 2022, na riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka. Udogo wa kiwango hauibadilishi riba kuwa kitu kingine. Tulimwambia asiukaribie maadamu mlango mwingine upo.

Na milango ipo. Uwezo Fund hukopesha vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu bila riba, kwa ada ya usimamizi ya asilimia 3 inayotozwa mara moja. Kuhusu ada, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, liliruhusu ada ya huduma ya mkopo kwa sharti kwamba isizidi gharama halisi. Kinachozidi gharama ni riba. Kwa hiyo kikundi kinachoingia hapo kina haki ya kuuliza ada ile inalipia nini, na kuwauliza maulamaa wake kabla ya kutia sahihi. Benki za Kiislamu nazo zipo nchini tangu mwaka 2008, ingawa wadogo wengi bado huona milango yake ni mirefu.

Tungeishia hapo, jibu lisingetimia. Turudi kwenye mahamri. Kiwanda kimoja kikipunguza mamia ya wanawake siku moja, na wengi wao wanakaa mitaa ile ile, na wote wakashauriwa kuanza biashara ndogo, asubuhi utakuta meza ya mahamri na mbaazi mlango hadi mlango. Nani atanunua? Waliokuwa wakinunua ni hao hao waliokuwa wakipokea mshahara. Mtaa uliopoteza mishahara umepoteza na wateja, na kumkopesha muuzaji mahali pasipo mnunuzi ni kumuongezea deni. Shoka la yule Ansari lilifaa kwa sababu Madina palikuwa na wanaohitaji kuni.

Hapa ndipo tunapoiambia serikali yetu, ya kitaifa na za kaunti, kwamba wanunuzi wakubwa ni nyinyi. Nyinyi hununua sare, mashuka ya hospitali, mapazia, madawati. Mpango wa zabuni uitwao AGPO umetenga asilimia 30 ya ununuzi wa serikali kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu. Mshonaji wa kiwandani ana ujuzi ambao fundi wengi wa vibarazani hawana: anajua kushona vipande elfu vikalingana. Wanawake kumi wa namna hiyo wakisajili kikundi chao, wakapata cherehani nne na ovaloki moja, wanaweza kushona mashuka ya hospitali nzima. Kinachowazuia mara nyingi ni malipo. Kikundi kidogo kikipeleka mzigo na kulipwa baada ya mwaka mzima, kimeuawa na yule aliyedai kukisaidia. Kumcheleweshea mtu haki yake na hali unao uwezo wa kumlipa ni dhulma, hivyo ndivyo alivyofundisha Mtume (s.a.w.), wala hakuitoa hazina ya kaunti katika hukumu hiyo.

Mpini

Shoka bila mpini ni chuma tu. Mpini ni ile sehemu ambayo maskini hawezi kujitengenezea peke yake: barabara, umeme, ardhi, sheria, na masharti anayopewa mwekezaji.

Pwani yetu imeona mashoka mengi yasiyo na mpini. Wazee wa Msambweni wanaikumbuka Ramisi, kiwanda cha sukari kilichofungwa mwaka 1988. Wakulima wa miwa, madereva, wauza chakula, wote waliangukiwa siku moja. Ilipita takriban robo karne kabla ya sukari kutoka tena katika ardhi ile kwa mwekezaji mpya. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake. Kilifi nako, kiwanda cha korosho kilichojengwa katika miaka ya 1970 kilibinafsishwa katika miaka ya 1990 na kikafungwa kabla ya muongo ule kwisha. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku kusafirisha korosho ghafi nje, ili ubanguaji na kazi zake vibaki nyumbani. Nia ilikuwa njema. Lakini amri haipandi mkorosho mpya badala ya uliozeeka, wala haimpi mkulima bei. Amri ilikuwa shoka, mpini haukufuata.

Jirani yake hivi karibuni ni Kwale. Mgodi si kiwanda, lakini somo ni moja. Uchimbaji wa titani ulimalizika Desemba 2024 baada ya takriban miaka 11, na kwamba madini yatakwisha si jambo lililofichikana. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa wananchi wa eneo husika, na kwa miaka wananchi walilalamika kwamba fungu lao linachelewa. Nabii Yusuf (a.s.) alipojua kuwa miaka saba ya neema itafuatwa na saba ya ukame, alianza kuweka akiba katika neema. Hakungoja ukame aunde kamati.

Tazameni na viwanda vya nguo. Sheria ya EPZ ya mwaka 1990 ilimpa mwekezaji miaka 10 bila kodi ya mapato ya kampuni. Sheria ya Maeneo Maalumu ya Kiuchumi ya 2015, ambayo Dongo Kundu imo ndani yake, inamtoza asilimia 10 kwa miaka 10 ya mwanzo, ilhali kampuni ya kawaida hulipa asilimia 30. Hatusemi kwamba ni makosa kumwita mwekezaji kwa masharti mepesi. Wageni wa biashara wameingia bandari zetu tangu enzi za majahazi, na walipewa nafasi. Tunasema kwamba kodi iliyosamehewa ni mali ya umma iliyokabidhiwa mtu, na amana ina masharti. Sharti la kwanza liwe kwamba sehemu ya malipo ya kuondoka kwa wafanyakazi iwekwe mahali salama tangu mwaka wa kwanza, ili mwenye kiwanda akiondoka usiku, haki za watu zisiondoke naye. Sharti la pili liwe kuwafunza vijana wa hapa kazi za ufundi wa mashine na usimamizi, sio kushona tu. Na la tatu, kiwanda kisisimame juu ya mnunuzi mmoja. Viwanda vya nguo vya EPZ kwa sehemu kubwa vimeegemea soko la Marekani lililofunguliwa na mpango wa AGOA mwaka 2000; sheria ikibadilika Washington, mama wa Mikindani hukosa unga.

Siku kumi na tano

La mwisho ni hesabu. Mtume (s.a.w.) aliweka siku, na mtu akarudi na matokeo. Sisi tumezoea kiongozi kufika baada ya kiwanda kufungwa, akaahidi kukifufua, akapigwa picha, na asiulizwe tena hata uchaguzi ujao. Katiba yetu imetupa vikao vya umma vya bajeti za kaunti. Wanaume wetu huviona ni vya wanasiasa, na wanawake huambiwa si mahali pao. Twendeni, kwa staha na kwa maswali yaliyoandikwa: zabuni ngapi mwaka huu zimepewa vikundi vya wanawake wa kata hii, na ngapi zimelipwa? Kumuuliza mwenye amana habari ya amana yake si fitina.

Wala tusizisahau nafsi zetu. Kazi inapopotea, mume au mke aliyeipoteza huumia zaidi ya fedha. Tumeona ndoa zikivunjika katika mwezi wa pili wa kukosa mshahara, kwa neno moja lililosemwa mbele ya watoto. Mshahara ulikuwa sababu tu. Mwenye kuruzuku hajafunga kiwanda chake. Aambiwe hivyo nyumbani, na jamaa wa pande zote mbili, kwa upole.

Mama yetu alikwenda ofisi ya leba Jumatatu, pamoja na wenzake wanne. Walipokelewa, dai lao likaandikwa, wakapewa siku ya kurudi. Sahihi bado hajatia. Mshahara wa siku alizofanya kazi bado hajaupata, na kodi ya nyumba mwezi huu imelipwa na watu wa msikitini. Jioni alipita kwetu akauliza kama tunamjua mtu mwenye ovaloki isiyotumika. Nasi twalipitisha swali hilo kwenu, wasomaji wetu: aliye nayo imekaa chini ya kitambaa ukumbini, aiseme kwa imamu wake kabla ya Ijumaa ijayo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie waliofungiwa, awape riziki ya halali yenye baraka, na awape viongozi wetu mikono ya kutia mpini. Amin.

Wabillahi tawfiq.